Afande Aliyekataa Kusema Dini Zote ni Moja

Nilikuwa sokoni Nakasero, hapa Kampala, nikichagua nyanya, mwendo wa saa nne asubuhi, simu ilipoita. Mpigaji alikuwa jirani wa Afande, mwenye duka ninakonunua mishumaa huko Kansanga. Afande amefariki alfajiri, aliniambia, na atazikwa baada ya sala ya adhuhuri. Niliacha nyanya mezani, nikapanda boda boda, na bado nilimkuta amekwisha kuoshwa na kuvishwa sanda. Wasomaji watanisamehe nisipomtaja jina, kwa maana hakupenda mambo ya magazeti. Alikuwa sajini mstaafu wa polisi. Baba yake alikuwa Mnubi Mwislamu, mjukuu wa wale askari walioletwa huku kutoka Sudan enzi za Waingereza. Mama yake alikuwa Mkatoliki kutoka kaskazini. Yeye alifuata dini ya baba, dada yake akafuata ya mama, na wote wawili walilelewa katika chumba kimoja cha kambi ya askari. Hatukuwa marafiki wa kutembeleana. Nilikuwa mteja wake.

Miaka yake ya mwisho kazini alipewa jukumu la kusimamia mazishi ya askari wenzake. Ndiye aliyefika kwa familia na kuuliza marehemu alikuwa wa dini gani, kisha akatafuta shehe, padri au mchungaji. Kazi hiyo ilimfanya asome. Alipostaafu alifungua duka dogo Kansanga, kati ya baa mbili, akauza sanda, tasbihi, rozari, mishumaa, na udi ambao Wahindu kadhaa walikuja kuununua kwa ajili ya ibada zao. Mimi nilianza kwa kununua mishumaa siku umeme ulipokatika. Baadaye nikawa naenda kwa ajili ya mazungumzo.

Wakati mmoja niliandika katika safu hii kwamba dini zote, ukizichambua, zinasema jambo lile lile. Niliiona makala nzuri, na wengi walinipongeza. Yeye alikuwa ameikata na kuiweka chini ya kioo cha meza yake. Nilipoingia aliigonga kwa kidole.

"Ssebo, bwana wangu, hapa umedanganya watu."

"Nimedanganya vipi, afande?"

"Keti." Akanisogezea stuli. "Wayahudi, Wakristo na sisi Waislamu, wote tunamtaja Ibrahimu kama mzee wetu. Hapo sawa. Lakini Myahudi anasema Mungu alifunga agano na taifa lake, akawapa sheria kwa mkono wa Musa, na Masihi bado anamngoja. Mkristo anasema Masihi amekwisha kuja, akafa msalabani, akafufuka. Ukimwondolea msalaba umemwachia nini? Mimi ninamwamini Isa kuwa mtume wa Mungu, lakini siamini kwamba alisulubiwa, na siwezi kumwita Mwana wa Mungu. Hilo ni jambo dogo?"

Nilijaribu kusema kwamba wote wanahimiza wema. Hakunipa nafasi. Aliendelea na wale wanunuzi wake wa udi. Dini yao, alisema, haina mtu mmoja ambaye unaweza kusema ndiye aliyeianzisha. Imekua kwa vizazi na vizazi huko India, na ndani yake nafsi hufa na kuzaliwa tena. Kisha akaniambia habari za yule mwana wa mtawala wa nchi hizo hizo, aliyeacha nyumba ya baba yake akatafuta namna ya kuimaliza dhiki ya binadamu, na mafundisho yake hayakujengwa juu ya Mungu muumba wa kuombwa. "Sasa huyo naye umemtia kwenye gunia moja na mimi," alisema. "Umemuuliza?"

Niliondoka nimekasirika kidogo. Nilidhani ni ugumu wa askari. Sikuelewa mpaka mwenzake wa zamani wa polisi aliponisimulia kisa cha konstebo mmoja aliyefariki kwa ajali ya barabarani. Ndugu zake, Waislamu, walifika chumba cha maiti wakiwa na sanda. Mjane alifika na katekista. Makelele yakaanza mlangoni.

"Huyu ni mtoto wetu," alisema kaka mkubwa. "Afande, wewe ni mwenzetu. Waambie hawa."

Sajini alimgeukia mjane. "Mama, alibatizwa lini?"

"Kabla ya harusi yetu. Alisoma mafundisho mwaka mzima. Sikumlazimisha."

"Nyinyi mlijua?"

Kaka akajibu, "Tulijua. Tulitegemea atarudi."

"Alirudi?"

Kaka akaanza kuikunja ile sanda. Sajini akasema marehemu alikuwa mtu mzima alipochagua, na kwamba kumsomea sala asiyoiamini ni kumsemea mtu asiyeweza tena kukataa. Konstebo akazikwa na padri. Kwa muda mrefu baada ya siku ile, baadhi ya watu msikitini hawakumwitikia sajini salamu. Hakuhama msikiti. Aliendelea kusali safu ya mbele, akitoa salamu kwa wale wale wasioitikia, mpaka wakachoka wao.

Mji wetu una desturi ya kumaliza tofauti kwa maneno laini. Mkutano wowote wa ofisini hufunguliwa kwa sala ambayo imepunguzwa makali ili isimguse mtu. Tunaita hiyo amani, na labda ndiyo. Lakini nimeanza kushuku kwamba mara nyingi tunasema dini ni zile zile kwa sababu hatutaki kusumbuka kujifunza jirani anaamini nini.

Wanaume wengine walipokwenda makaburini, mimi nilibaki nyumbani kwake kumpa pole dada yake, mama mtu mzima mwenye rozari shingoni. Nilimuuliza waliishije miaka yote hiyo.

"Kila Pasaka alinipeleka kanisani, tangu miguu yangu ilipoanza kuuma," alisema. "Alinishika mkono mpaka mlangoni, halafu yeye akakaa nje kwenye benchi. Siku moja nilimwambia, ingia basi, kuna jua kali. Akasema, 'Dada, mle ndani mtaimba kwamba amefufuka. Mimi siwezi kuitikia, na sitaki kukaa kimya katikati ya furaha yako.' Alikaa juani saa mbili na nusu. Nilipotoka aliniuliza kama nimesali vizuri."

Makala ile niliyoandika ilikuwa na makosa, na leo ninaifuta mbele ya wasomaji wangu. Anayeniambia kwamba imani yangu na yake ni moja, huenda hajaniuliza chochote. Nitamwamini zaidi yule anayejua hasa mahali tunapoachana, na bado akanishika mkono mpaka mlangoni.