Bi Kesho na Ngazi Inayotembea

Asubuhi ile mke wangu alikuwa mlangoni na cherehani yake, kama siku zote. Mimi namtungia uzi kwenye sindano, maana macho yake yalikuwa yamechoka kuliko yangu. Akapita mteja mmoja, akasimama.

"Bi Kesho, leo ndiyo kesho?"

"Kesho ilikuwa jana, hukuja," akamjibu bila kuinua kichwa.

Mteja akacheka, akaenda zake. Tukanywa chai. Akasema chai yangu ina maji mengi. Jioni akazidiwa, tukampeleka hospitali, na nyumbani hakurudi tena.

Waliokuja kunipa pole walimsifu kwa nguo alizowashonea. Ni haki yao. Mimi nina siku moja ya kwangu, tulipokuwa ugenini, siku niliyodhani nimempoteza.

Jina la Bi Kesho alipewa na wateja. Hakuwa mvivu. Akiona pindo limekwenda kombo anafumua lote, anaanza upya, na mwenye nguo aungue roho huko aliko. Maisha yake yote hakuwahi kupumzika, isipokuwa mara hiyo moja, binti yetu mkubwa alipotuita tukamtembelee. Binti ni muuguzi, anafanya kazi katika mji mkubwa wa nchi nyingine.

Mimi roho yangu ilikuwa juu tangu uwanja wa ndege. Naogopa barabara, naogopa lifti, kila mara napapasa mfuko kama pasi zipo. Yeye kiguu na njia. Binti alitupeleka kwenye jumba la makumbusho, kuna joho la mfalme wa zamani ndani ya kioo. Watu wanalitazama kwa heshima. Mke wangu akabandika pua kwenye kioo.

"Mfalme mzima, mshono umepinda hivi! Fundi wake alilala njaa nini?"

Mlinzi akaja kumwondoa. Mimi nikaomba radhi kwa lugha yetu, kwa mikono miwili, kama mtu aliyeshikwa akiiba.

Mchana tukala hotelini. Vyakula unachagua kwa picha. Nikaonyesha picha, nikaletewa sahani ya majani mabichi.

"Kula, mbuzi wangu," akaniambia, na nyama yake akanigawia nusu.

Siku ya pili binti aliingia kazini. Akatuambia tutembee, ila tusiende mbali. Karibu na kwake kulikuwa na jengo la maduka, ghorofa juu ya ghorofa, na mke wangu alikuwa ameliota usiku kucha kwa sababu aliambiwa kuna vitambaa. Alikuwa na ugonjwa wa sukari. Asubuhi akishachoma sindano ni lazima ale tena kabla ya mchana, asipokula anatetemeka, anatoka jasho, halafu anaanguka. Mkate wake na ndizi nilivibeba mimi kwenye mfuko. Simu ilikuwa moja, anayo yeye, na laini yetu kule haikushika.

Ndani ya jengo tukaikuta ngazi inayotembea. Nilikuwa sijawahi kupanda kitu kama kile. Vidato vinatoka sakafuni vyenyewe kama meno. Yeye akakunja gauni, akakanyaga, akaenda. Mimi nikainua mguu, nikaurudisha. Nikainua tena. Watu wa nyuma wakanisukuma pembeni. Nilipotazama juu, hayupo.

Nikasimama palepale. Sisi tulikuwa na kanuni yetu tangu ujana, ya sokoni. Tukipoteana, aliyeachwa asimame asisogee, na aliyetangulia ndiye arudi kumfuata. Maisha yote haikuwahi kutuangusha. Basi nikangoja arudi.

Hakurudi.

Watu wanashuka, namtafuta katika kila uso. Anakuja mama mwenye gauni kama lake, moyo unaruka, siye. Nikaanza kuwaza vibaya. Muda wa kula umefika. Sasa umepita. Mkate ninao mimi. Labda ameshatoka kwa mlango mwingine. Labda ameanguka, na waliomzunguka hawajui ana nini, na yeye hawezi kuwaeleza. Nikamwuliza askari wa mlangoni kwa ishara, nikachora hewani mwanamke mfupi mnene. Akanionyesha choo.

Ikafika mahali nikasema liwalo na liwe. Kuvunja kanuni ni kubaya, maana akirudi akanikosa ndiyo tumepotea kabisa. Lakini kukaa na mkate mkononi ni kubaya zaidi. Nikaukumbatia mfuko, nikafumba macho, nikakanyaga. Ngazi ikanibeba. Mwisho wake ikanitema, nikaenda kwa magoti.

Nilipoinua kichwa nikamwona. Hatua chache tu kutoka kwenye ngazi, mbele ya duka la vitambaa, amekaa kwenye kiti. Uso umelowa jasho, mikono inamtetemeka. Mwenye duka, mama wa makamo, amepiga goti mbele yake anamnywesha maji ya matunda, anamfuta uso kwa kipande cha kitambaa. Muda wote ule alikuwa juu ya kichwa changu.

Nikachuchumaa, nikamshika mguu.

"Kwa nini hukushuka?" nikamwuliza baadaye.

"Nishuke vipi, na mimi ndiye niliyeachwa?"

"Umeachwa wewe? Aliyepanda ni nani?"

"Niligeuka nikakuta hupo. Nikasema mzee ameona kitu huko chini, amekifuata, kaniacha. Nikasimama."

Kumbe tulisimama wote wawili, kila mmoja anamngoja mwenzake arudi. Mwenye duka hakuelewa hata neno, lakini alicheka mpaka akajifuta machozi. Mimi sikucheka. Jasho lake lilikuwa halijakauka.

Alipopata nguvu alinunua kitambaa cha bluu. Alikipima kwa kidole, akakivuta, akakinusa, akamrudisha mwenye duka mara mbili alete kingine. Tulishuka kwa ngazi ya kawaida aliyotuonyesha mwenye duka, kwa ajili yangu. Binti tulikubaliana kumficha habari hiyo, lakini usiku mke wangu mwenyewe akamweleza yote, anaigiza nilivyotambaa.

Sasa nyumba iko kimya. Wateja wamekuja kuchukua nguo zao, nyingine hazijaisha, nimewapa hivyo hivyo. Mimi nikikaa, namsikia pale kwenye kiti cha dukani, bado anatetemeka, amenitazama kwa hasira, kabla hajameza hata tonge:

"Mimi sikupotea. Aliyepotea ni wewe, mimi nimekaa nakungoja. Haya, lete huo mkate."