Shiksha Ubaoni

Nilipopandishwa cheo kuwa msimamizi wa zamu katika idara ya dobi ya hoteli moja jijini Doha, jambo la kwanza nililolitaka ni darasa. Kabla ya kuja Qatar nilikuwa nimefundisha shule ya msingi kule Voi kwa miaka sita, na sikuona kwa nini watu wazima wanaotumia pasi za mvuke wafundishwe kazi kwa kufokewa. Wakati huo treni za chini ya ardhi zilikuwa bado zinachimbiwa njia. Tulifika kazini kwa basi la kampuni kutoka Al Rayyan, na ndani ya basi hilo nililipanga somo zima kichwani.

Chini yangu walikuwa wapiga pasi wanne, wote Wahindi. Mkubwa wao alitoka Kerala na alinizidi umri kwa miaka kama ishirini. Wenzake walimwita cheta, yaani kaka mkubwa, na mimi nikafuata. Nilitaka tangazo la darasa liwafurahishe, kwa hiyo nikamuuliza dereva wa gari letu la nguo, Kalasinga kutoka Punjab, mafunzo huitwaje kwao.

"Shiksha," akasema. "Andika hivyo, wataelewa wote."

Nikaandika SHIKSHA kwa kalamu nyekundu, herufi kubwa, kwenye ubao ulio karibu na mlango. Chini yake nikaweka majina manne, la cheta likiwa la kwanza kwa kuwa ndiye mkongwe, kisha: Ijumaa, saa tisa. Nikarudi nyuma hatua mbili kulitazama tangazo. Lilinipendeza.

Asubuhi iliyofuata hakuna aliyenisalimu. Cheta alikuja mezani kwangu, akaweka kitambaa chake cha kupigia pasi, kimekunjwa vizuri, na juu yake karatasi. Ilikuwa barua ya kuacha kazi.

"Dada," akasema kwa Kiingereza chetu cha kazini, "ile kanzu ya mgeni niliiunguza mimi, na nilikwambia siku ileile. Sikuficha. Miaka kumi na tisa niko Ghuba, sijaadhibiwa mbele za watu. Afadhali nirudi nyumbani."

"Nani anakuadhibu, cheta?"

Akanyoosha kidole ubaoni. "Wewe. Jina langu umeliweka la kwanza."

Niliwatazama wale wengine. Mmoja wao, kijana wa Andhra anayesema Kitelugu, akainamisha macho. "Hata kwetu, mama, shiksha ni adhabu. Tumelala tukijiuliza tumekosa nini."

Nikamwita dereva. Alikuja akicheka, lakini alipoiona ile barua kicheko kikamkauka.

"Shiksha ni elimu," akasema. "Kwa Kihindi, hata wizara ya elimu inaitwa kwa neno hilo. Sisi Kalasinga wenyewe kuitwa Sikh, maana yake wanafunzi. Ni ukoo mmoja wa maneno."

"Kwetu, kwa Kimalayalam, shiksha hutolewa na hakimu," cheta akamjibu.

Wakatazamana. Kila mmoja alikuwa na hakika na lugha aliyoitaja, na wote wawili walikuwa sahihi. Cheta ndiye aliyevuta kiti kwanza, akakaa.

"Neno ni la Kisanskriti," akasema taratibu. "Babu yangu alikisoma. Kwake shiksha ilikuwa elimu ya kutamka, jinsi ya kuzisoma sauti za maandiko bila kukosea, hii ndefu, hii fupi. Mimi nilipokosea, alinipiga kofi la shingo. Labda ndivyo neno lilivyofika kwetu."

Hakuwa anatania. Mimi nikawakumbuka watoto wa darasa la tatu waliokuwa wakificha mikono kila niliposema, "Leo nitakufunza adabu." Nililisema hilo mara nyingi, fimbo iko mkononi, na hakuna mtoto hata mmoja aliyedhani nazungumzia somo. Niliwaeleza hivyo wote, pamoja na ile fimbo, na haikuwa rahisi kuieleza.

Kisha nikasimama. Nilikuwa nimemvunjia cheta heshima mbele za watu, kwa hiyo nikamwomba radhi mbele za watu. Nikalifuta lile neno na kumrudishia karatasi yake.

"Ijumaa iko palepale," nikasema. "Ila somo la kwanza, kola ya kanzu, utafundisha wewe."

"Mimi si mwalimu, dada."

"Miaka kumi na tisa unapiga pasi kanzu. Mimi ndiyo kwanza mwaka wa pili."

Aliichana barua vipande viwili, akavitia mfukoni, akarudi kwenye meza yake.

Ijumaa saa tisa alikuja amenyoa ndevu na kuvaa shati safi. Aliongea kidogo sana. Alituonyesha kola moja, akatuachia tujaribu, kisha akapita nyuma yetu mmoja mmoja. Alipofika kwangu alinishika kifundo cha mkono.

"Usikandamize," akasema. "Mvuke ndio unaofanya kazi. Wewe unauonyesha njia tu."

Kola yangu ilitoka na kunyanzi. Akailowesha, akaniambia nianze upya. Wenzangu walitabasamu bila kuinua vichwa. Ya pili ikaharibika, na ya tatu pia. Ya nne ikanyooka. Akaigeuza upande huu na upande ule, akaitundika, akaniletea kanzu nyingine.