Diski za Pijo ya Mzee Gershom

Watu wa Garsen wakitaka kunichokoza huniuliza siku hizi nani anashika usukani wa Pijo ya Mzee Gershom. Wanajua vizuri sana. Wanataka tu kuona uso wangu unavyobadilika, na mimi kwa ujinga wangu nabadilika kila mara.

Mimi ni Hudson. Nilikuwa mtu wake wa mkono: nafunga mizigo kwenye keria, nabadilisha tairi, nashuka kupima maji ya barabarani kwa miguu yangu mwenyewe kabla gari halijaingia. Mzee alikuwa dereva wa skimu ya umwagiliaji tangu ujana wake, na alipostaafu akajinunulia hiyo Pijo, Peugeot 404, saluni nyeupe, gari la enzi ambazo wengi wetu tulikuwa bado hatujavaa suruali. Pale kwetu Idsowe hakukuwa na gari jingine. Mama akishikwa na uchungu, anapelekwa Garsen na Mzee Gershom. Maiti ikirudi nyumbani, imeletwa na Mzee Gershom. Alikuwa na kiburi, sikatai, lakini kiburi chenyewe kilikuwa cha kitu kimoja tu, nacho ni kuendesha. Mkewe alishafariki, shamba lake mto ulilichukua, na mtu yule ulimwona mzima akiwa nyuma ya usukani.

Mvua za Elnino zilipopungua, barabara ilibaki madimbwi matupu. Sasa breki za dramu, zile zilizofungiwa ndani ya bakuli la chuma, na maji hazipatani. Ukivuka dimbwi maji yanaingia ndani ya dramu na kukaa humo. Ukikanyaga breki, unapata utelezi. Madereva wa huku wana dawa yao: ukitoka majini unaenda polepole, mguu umegusa breki, mpaka zipate joto zikauke. Mzee alifanya hivyo miaka nenda miaka rudi. Hata hivyo siku moja, akiwa peke yake, akamgonga ndama wa mfugaji mmoja, Dida.

Hapo lazima nieleze. Kati ya Idsowe na Garsen kuna malka, njia ya ng'ombe wa Waorma kwenda kunywa mtoni, nayo inaikata barabara. Ng'ombe wakiwa malkani hupigi honi. Ukipiga wanashtuka, wanaingia mashambani mwetu sisi Wapokomo, na jioni watu hawasalimiani. Unasimama, unazima injini, unangoja mpaka wa mwisho apite. Huo ndio ustaarabu wetu na hakuna aliyeuandika mahali. Dereva asiye na breki hana la kufanya pale.

Ndama alivunjika mguu. Dida, mzee wa Kiorma mwenye sauti ya chini, hakudai chochote. Alisema tu kwamba gari lile, likishavutwa kwa kamba hadi kwa fundi, lisipite tena malkani mpaka lipate breki za kusimama. Njia nyingine haikuwepo. Kwa hivyo ikawa Mzee Gershom atengeneze breki, au aache kuendesha.

Fundi wetu ni Galma, Muorma aliyewaachia ndugu zake ng'ombe akafungua gereji pale Garsen. Alizifungua dramu akatuonyesha zilivyolika, na akasema mpya za 404 zimekuwa adimu hata Mombasa. Bora tuweke diski magurudumu ya mbele. Diski ziko wazi, maji yakiingia yanatoka yenyewe. Nje ya mji kulikuwa na mzoga wa Peugeot 504 ulioachwa na mafuriko, na mwenyewe alikuwa radhi ufunguliwe. Galma akang'oa miguu yake yote miwili ya mbele pamoja na diski, akaichonga, akaipima, akakitukana chuma kwa Kiorma na Kiswahili mpaka kikakubali kuingia. Nyuma aliacha dramu.

Kitu kimoja kilikosekana. Ni busta, lile kopo kubwa linalousaidia mguu kukanyaga breki. La mzoga lilikuwa limetobolewa na kutu. Galma alimweleza mzee vizuri, mimi nikiwa papo hapo nasikia. Alisema dramu zinajivuta zenyewe; ukigusa kidogo tu, viatu vya breki vinajikaza ndani. Diski hazijivuti. Bila busta nguvu yote itoke kwa mguu wako, mzee, kwa hivyo tungoje barabara ya Malindi iliyokatwa na mafuriko ifunguke, niagize nyingine. Mzee akacheka akamuuliza kama anaudhania mguu wake kuwa wa mtoto mchanga. Alikuwa amekaa nyumbani bila kuendesha mpaka mashavu yakaingia ndani. Akasema breki zifungwe hivyo hivyo.

Galma alilijaribu gari mbele ya gereji na likasimama papo hapo, mpaka watu wakapiga makofi. Tukaanza safari ya kurudi Idsowe: mzee kwenye usukani, mimi kando yake, nyuma Galma anayetaka kusikiliza breki zake, na Tamar, binti ya mzee, ambaye alikuwa ametoka sokoni. Njiani mzee alipunguza mwendo kwa gia tu, hakugusa breki. Nikafikiri ni maringo ya madereva wa zamani.

Malkani tukawakuta ng'ombe wa Dida wamejaa barabara. Nilimwona mzee akikanyaga. Gari likapunguza kidogo, likaendelea. Akakanyaga tena, akajiinua kwenye kiti, mishipa ya shingo ikamsimama. Nikadhani diski zimekatika. Nikaivuta breki ya mkono, mzee akakata usukani, tukaingia topeni tukazama pale, na ng'ombe wa kwanza alikuwa karibu nami kiasi cha kumshika pembe.

Dida akaja dirishani. Hakumtazama mzee usoni, alitazama chini. Nami nikatazama. Miguu yote miwili ya mzee ilikuwa juu ya pedali ya breki, wa kushoto umeukalia wa kulia, na ule wa kulia unatetemeka.

Galma hakuiona miguu. Yeye aliona kazi yake imeaibishwa mbele ya watu wa kwao. Tulipolisukuma gari likatoka, aliruka kwenye usukani, akarudi nyuma mbali, akaja kwa kasi, akafunga breki mbele ya Dida. Likasimama kabisa. Akarudia. Akashuka na ufunguo mkononi, anatabasamu.

"Breki ziko sawa," akasema.

Tabasamu likamtoka polepole alipomwona mzee ameegemea nguzo ya ua wa shamba, mguu mmoja umeinuliwa kidogo. Jamani, nilitamani gari lile lingekataa kusimama. Nilitamani likimbie moja kwa moja mpaka mtoni.

"Ni kweli, ziko sawa," mzee akasema. "Mwaka mzima nimelisingizia gari."

Ndipo akatueleza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba mguu ulianza kuisha nguvu kabla ya mvua. Dramu zilikuwa zinamvumilia. Siku ya ndama hakuwa amevuka dimbwi lolote, na breki zilikuwa kavu. Dida akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyelijua hilo siku zote, akaenda kuwakusanya ng'ombe wake. Tamar akanyoosha mkono kwa Galma, akaupokea ufunguo. Mzee aliutazama ukipita.

Busta ilikuja barabara ilipofunguka. Galma aliifunga, na pedali ikawa laini hivi kwamba Tamar aliisukuma kwa mkono. Galma akasema sasa mzee anaweza. Mimi nilisema pia, nilipiga hata kelele, kwamba kilichokosekana ni kopo tu na kopo limepatikana. Tamar aliningoja nimalize. Akaniuliza: "Na siku mguu utakapokataa kabisa, nani atakuwa amesimama mbele ya gari?" Hakukosea, na hilo ndilo linalonichoma mpaka leo, maana ningempata wa kumlaumu ningelala vizuri. Mzee mwenyewe hakuomba ufunguo. Laiti angeomba.

Siku hizi anaendesha Jasper, mpwa wake, kijana mzuri tu, sina neno naye. Mzee anakaa mbele, upande wangu wa zamani, na mimi niko nyuma na vikapu. Tukiikaribia malka, kabla Jasper hajaigusa breki, mguu wa kulia wa mzee unaanza kukanyaga sakafu. Anakanyaga kwa nguvu zake zote, jasho linamtoka. Gari likisimama, anaushika mguu kwa mikono miwili, anaurudisha nyuma, na kumwambia Jasper kwamba amechelewa.