Mmea wa Kumshinda Scholastique

Caritas alikuwa na wivu, na sisi majirani zake wa mtaa wa Kamenge tulijua, kwa sababu hakuwa mtu wa kuficha. Ukimsifia mwenzake kanga, anakuuliza yake umeiona ina ubaya gani. Lakini mwaka ule, uhuru ukiwa bado mchanga, wivu ulimzidi kwelikweli. Mumewe Callixte alikuwa ameanza kupotelea jioni nyumba ya pili, kwa Scholastique.

Scholastique alikuwa mjane, mshonaji wa nguo, akiishi na kaka yake Sylvère. Callixte alishinda amesimama bandarini akipima magunia. Jioni anakula upesi, anapenya kwenye pengo la ua, anakwenda eti kumsalimia Sylvère. Salamu gani hiyo isiyokwisha mpaka usingizi umlemee? Caritas akamuuliza kule kuna nini.

"Saloni yake iko muzuri," Callixte akajibu bila kufikiri, akimaanisha sebule. "Ameweka maua mu nyumba. Mutu anakaa, anapumuzika."

Afadhali angenyamaza. Mmea wenyewe tuliujua: majani marefu kama ya mahindi, mstari wa manjano katikati, umepandwa kwenye kopo la samli lililopakwa rangi. Tangu hapo Caritas aliuona mstari ule wa manjano hata ndani ya sufuria ya maharagwe.

Akaenda kwa Mirindi, mkimbizi kutoka Bukavu, aliyeuza mimea ya makopo kando ya njia ya sokoni. Mirindi akamtolea miwili iliyofanana kama pacha. Mmoja ulikuwa na mstari wa manjano. Wa pili kijani kitupu, ila shina lake nene na majani mapana zaidi.

"Yote ni ndugu, mama," Mirindi alisema. "Hii ya mustari inazoea kivuli ya nyumba. Ile ingine, kwetu tunaipandaka inje."

"Mi naiweka mu saloni."

"Ni we unajua, mama."

Alisimama pale akigeuza kopo hili, akigeuza lile. Kuchukua wenye mstari ni kuwatangazia watu wote kwamba anamwiga Scholastique. Huu mnene ungeuzidi wa Scholastique kwa ukubwa. Akajitwika mnene.

Aliuweka katikati ya sebule, mbele ya viti vyake vinne, kila kimoja kimefunikwa kitambaa cheupe alichokifuma kwa mkono wake. Akasubiri. Callixte akaingia, akasema ni mzuri, akala jikoni kwenye kigoda kama kawaida, kisha akapenya pengoni. Caritas alilia kwa hasira.

Jumapili mama yake Callixte akateremka kutoka milimani Muramvya na kikapu cha maharagwe. Alipofika mlangoni aliuona ule mmea, akagoma kuketi.

"Nani wamegombana humu?" akauliza kwa Kirundi.

"Hakuna, mabukwe," Caritas akamjibu mama mkwe wake.

"Huu kwetu tunaupanda mpakani, watu wakigombania shamba. Humu ndani mmegawana nini? Upande huu wa nani, na ule wa nani?"

Caritas alizaliwa mjini, Buyenzi. Mambo ya mipaka ya mlimani angeyajulia wapi? Lakini swali lilimgusa palepale panapouma.

"Mimi niko upande huu," alisema. "Mwanao yuko kwa Scholastique." Akamwaga yote, machozi yakimtoka.

Mama akamgeukia mwanawe, aliyekuwa bado amesimama na kikapu alichompokea. "Unafuata nini kwa mjane?"

Callixte alitazama miguu yake. "Kiti," akasema.

"Kiti gani?"

"Nashinda nimesimama, mama. Hapa viti ni vya wageni. Nikikaa naondolewa, eti nitachafua vitambaa. Kule naachwa nikae."

Caritas aliona aibu, na aibu yenyewe ikamwongezea hasira. Akaenda kwenye kiti cha dirishani, akakivua kitambaa, akamwambia mumewe akae. Callixte alikaa ukingoni kama mgeni.

Usidhani wivu uliisha. Scholastique alipopata habari alimtuma Sylvère na kipande cha mmea wake wenye mstari. Caritas alikipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akakipanda nyuma ya jikoni, akawa anakimwagia maji ya vyombo. Sebuleni hakukiingiza kamwe.

Ule mnene aliutoa ndani mwenyewe, akauchimbia shimo katikati ya pengo la ua, na mabukwe akasimama kuona umekaa sawa. Umeota vizuri pale, pengo limeziba. Callixte siku hizi akitaka kumsalimia Sylvère anazungukia barabarani. Caritas amekivua kitambaa kiti cha pili. Anakaa hapo dirishani, anamwona tangu anapotoka mpaka anapofika.