Mzula Chini ya Helmeti

Sijui kama nina haki ya kuandika haya, maana aliyeumia si mimi. Nimeishia darasa la saba, ni fundi wa kuchomelea hapa Makambako. Vigari vya mashindano vya kikundi chetu niliviunga mwenyewe: fremu ya mabomba, injini ya pikipiki, dereva amekaa karibu na ardhi kama mtu aliye ndani ya beseni. Wenzangu wakanipa na kazi ya kukagua madereva kabla hawajaondoka, kwa sababu, walisema, mimi ni mwoga. Ni kweli.

Kanuni zilikuwa chache. Helmeti ifungwe kwa kifungo chake, mkanda ukaze, viatu vifunike miguu, na usimgonge aliye mbele yako kwenye kona.

Jumamosi ile tulishindana Njombe, kwenye uwanja wa kiwanda cha mbao kilichofungwa. Ulikuwa mwezi wa saba, na anayeijua Njombe anajua baridi ya mwezi huo. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alikuja na mzula mnene wa sufu aliofumiwa na mama yake, helmeti ikiwa juu yake. Kamba ya kidevuni haikufika kwenye kifungo. Nikamwambia auvue mzula.

"Shemeji, wewe mwenyewe umevaa miwili," akasema.

Watu wakacheka. Kweli nilikuwa nimevaa miwili. Basi nikaipiga ile kamba fundo, kama tunavyofunga mdomo wa gunia la viazi, nikamgonga begani aende.

Mzunguko wa tatu, kwenye kona yenye lundo la maranda, dereva wa Njombe, fundi pikipiki, alimgusa kwa nyuma. Alimgusa, siwezi kumtetea kwa hilo. Lakini kigari kilipopinduka niliiona helmeti ikitoka kabla kichwa hakijafika chini. Labda ingetoka hata kwa kifungo. Sijui, na sitajua.

Shemeji alipona, ila sikio la kulia halisikii tena.

Kwenye kikao wote walisema yule wa Njombe ana fujo, asikimbie tena na sisi. Mwenyekiti akaniuliza kama helmeti niliikagua. Nikajibu niliikagua. Sikudanganya, na hapo ndipo panaponiuma.

Mwaka ukapita. Mwezi uliopita nikamfuata yule dereva kwake Njombe. Tukapeana kamwene, salamu ya huku kwetu, kama majirani. Kigari chake kilikuwa nyuma ya banda, kuku ametagia kwenye kiti. Nikamweleza habari ya lile fundo. Alisikiliza huku akisafisha kabureta, hakuniangalia.

"Kumgonga nilimgonga, hilo ni langu," akasema. "Hilo lingine nimelibeba mwaka mzima na si langu. Usiniambie mimi. Kawaambie wao."

Jumapili, baada ya ibada, wenzangu walipokusanyika gereji, nikasimama nikasema. Nilisema kwa sauti ndogo, macho kwenye viatu. Safari hii hakuna aliyecheka. Mwenyekiti akasema suala la kumrudisha yule dereva litafunguliwa upya. Shemeji alikuwa amekaa upande mbaya. Akajigeuza taratibu, akanielekezea sikio la kushoto.

"Sijakupata, shemeji," akasema. "Hebu rudia."

Nikarudia yote, kwa sauti, kuanzia kwenye mzula.