Springi za Magunia Kumi

Kosa langu nililifanya mchana, mbele ya mashahidi, tena kwa hoja zilizopangika vizuri. Watu hupenda kuamini kwamba ukatili ni kazi ya wajinga. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya misheni, mzee wa kanisa na msomaji wa vitabu.

Mwingereza alikuwa bado anatutawala. Nilikuwa nimenunua pikapu chakavu kutoka shamba la mkonge, ya kwanza kumilikiwa na mtu wa kijiji chetu huko juu Upareni. Springi zake za nyuma zilikuwa zimekatika. Niliishusha polepole hadi Same, baba yangu akiwa amelala nyuma kwa kuwa mguu wake wa kulia haukukunjika. Alikuwa na kidonda juu ya kifundo, na hospitali iliagiza kisafishwe kila wiki.

Fundi alitandaza springi za aina mbili chini. Za kwanza zilikuwa za gari dogo, mabamba manne membamba. Za pili zilitoka kwenye lori lililofia Hedaru, mabamba manane yaliyoshonana kama meno.

“Mwalimu,” alisema fundi, “hizi nyembamba zitayabembeleza mawe, lakini gunia la tano litazilaza. Hizi za lori zinabeba kumi. Ila zikikosa mzigo haziinami. Zitawarusha kama punje kwenye ungo, na shokomzoba za gari hili, za kutuliza mrusho, zimekwisha kufa.”

Baba aliinua kichwa. “Fundi, mpe zinazoinama. Mwenye kulala humo ni mimi.”

“Baba,” nikamjibu, “nimenunua gari, sikununua kitanda.”

Wateja wakacheka. Sitaficha kwamba kicheko kile kilinipendeza. Nilitaka kahawa ya kijiji kizima ishuke mlimani kwa gari langu, na watu wapishe njia wakisema ni yangu. Nikachagua springi za lori.

Safari ya kwanza bila mzigo, baba alifika hospitali akiwa ameliuma shuka lake hadi limetoboka. Safari iliyofuata nilipakia magunia kumi, nikamlaza juu yake, nikamfunga kwa kamba. Springi zikatulia, naye akasinzia. Nikajiona nimegundua jambo. Tangu siku hiyo nikaweka sheria: baba atashuka siku yenye mzigo. Sheria hiyo niliiita huruma.

Msimu wa kahawa ukaisha. Wiki moja yalipatikana magunia matatu, nikasema hayatoshi. Wiki ya pili halikupatikana hata moja.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba. Magunia yamefika?”

“Bado, baba.”

“Basi wahimize wakulima. Mguu unanuka.”

Kwetu mgonjwa ni wa mtaa mzima. Pembe ikilia, wanaume huweka majembe chini, wakambeba kwa machela, wakipokezana mabega hadi tambarare. Wiki ya tatu pembe ililia pasipo mimi kuagiza, na majirani wakasimama uani kwangu.

“Mwalimu, tumekuja kumchukua mzee.”

“Gari lipo.”

“Gari tunaliona,” akasema mkubwa wao. “Na mzee tunamsikia.”

Niliwaambia kwamba nyumba yenye gari haibebewi mgonjwa kwa mabega, na kwamba enzi hizo zimepita. Bila ridhaa yangu, mtoto wake wa kwanza, hawakuweza kumtoa ndani. Wakaikunja machela. Baba alikuwa akisikia yote kupitia dirisha.

Magunia ya mahindi yalipopatikana, wiki ya tano, nilimshusha salama salimini. Hakurushwa hata mara moja. Hospitali waliukata mguu chini kidogo ya goti.

Siku ya kumtoa hospitalini, nilileta gari mlangoni, nimelitandikia magodoro mawili. Majirani walikuwa wamekwisha fika na machela. Baba alilitazama gari, kisha akanitazama mimi.

“Rudi nalo,” akasema. “Nimepungua uzito. Springi zako hazitanitambua.”

Akainama mwenyewe kuelekea machela, wakampokea. Nikaondoka nyuma yao. Barabara ya mlimani ilikuwa nyembamba, nami sikuweza kuwapita. Nilipanda kwa gia ya kwanza, gari tupu, kila jiwe likinigonga kiunoni na kunitupa hadi kichwa kikafika darini. Magodoro yaliruka yakaangukia bondeni. Sikusimama kuyaokota.

“Mwalimu, pakia mawe!” alipaza sauti mmoja wa wabebaji, na wenzake wakacheka bila kulegeza hatua.

Kwenye kona pana mkubwa wao aliuliza kama wanipishe.

“Msimpishe,” nilimsikia baba akisema. “Mwacheni aje hivyo hivyo hadi nyumbani.”