Picha Elfu Tisa za Marlene Hruska

Katika mitaa ya kusini ya Cedar Rapids, jimboni Iowa, kwa miaka ishirini na minane mtu hakununua laptop kabla hajamuuliza Virgil Novotny. Si kwamba Virgil alikuwa msomi. Alikuwa fundi tu, mtu wa miaka sitini na mitatu, mgongo umeanza kupinda kwa kuinamia meza, na duka lake lilikuwa chumba kimoja kati ya kinyozi na duka la mikate. Ila hakuwa akiuza kompyuta, alizitengeneza tu. Kwa hiyo aliposema nunua hii, watu walijua hana anachovuna hapo.

Na miaka yote hiyo alitaja jina moja la laptop: Halvern.

Alizipenda Halvern kama wakulima wa kule wanavyopenda trekta la baba yao. Ukifungua moja unakutana na skrubu, si gundi. Bawaba zake zilikuwa za chuma. Ukimwaga kahawa juu ya kibodi, inateremka kwenye mfereji mdogo na kutokea chini, na kazi inaendelea. Aliwahi kuifufua Halvern iliyokanyagwa na ng'ombe, na mwenye ng'ombe akaitumia miaka minne mingine.

Aliyemwamini kuliko wote alikuwa Marlene Hruska, mjane, mpishi mstaafu wa shule ya msingi, mwanamke wa mikono minene na ulimi usio na breki. Mafuriko ya mwaka 2008 yalipoingia mtaani kwao, watu walirudi wakakuta maisha yao yamegeuka tope. Walitupa magodoro, majokofu, hata piano. Na albamu za picha nazo walizitupa, maana picha zilikuwa zimegandamana na kuanza kuota ukungu. Marlene akatoka barabarani akaziokota kwenye marundo ya taka. Kisha akaanza kubisha hodi kwenye nyumba ambazo wenyewe walikuwa bado wanazoa tope. "Usitupe," aliwaambia. "Niachie mimi wiki mbili."

Alizibandua moja moja kwenye beseni la maji safi, akazikausha juu ya kitanda chake, mwenyewe akalala kwenye kochi, akazipitisha kwenye skana kabla ukungu haujazimaliza. Nyingi zilioza hata baada ya kukaushwa, ikabidi zitupwe. Kilichobaki ni kile kilichoingia kwenye kompyuta yake. Wengine walihama mji na kumtumia kutoka mbali masanduku ya picha zilizoshikwa na ukungu, na kazi ikaendelea mwaka baada ya mwaka mpaka zikafika picha elfu tisa na ushee. Chini ya kila moja aliandika: huyu ni nani, mtoto wa nani, amesimama mbele ya nyumba ipi. Sehemu kubwa ya mtaa ule ilibomolewa na kupandwa nyasi. Aliyetaka kuuona ilibidi aende jikoni kwa Marlene.

Halvern yake ya kwanza ilimtumikia miaka kumi na mmoja. Vuli moja akaingia nayo dukani kwa Virgil, ameikumbatia kama kuku.

"Virgil bwana, herufi A imeng'oka. Nadhani niliila kwenye supu. Sasa ninunue ipi?"

"Halvern."

"Hata hufikiri kidogo?"

"Nifikiri nini? Nunua Halvern. Hiyo itatuzika sote wawili."

Mpya ilipofika, Virgil ndiye aliyeifungua kwenye boksi. Ilikuwa nyembamba, ya kupendeza macho. Aliigeuza akitafuta skrubu, akaona sehemu yote ya chini imebandikwa kwa gundi. Aliibonyeza pembeni kwa kidole gumba, ikabonyea kama kopo la soda. Akasoma kijitabu chake: hifadhi, ile sehemu inayoshika mafaili, ambayo zamani ungeichomoa kama kitabu rafuni, sasa ilikuwa imelehemewa kwenye bodi kuu. Bodi ikifa, vilivyomo vinakufa nayo.

Aliibonyeza tena, ikabonyea tena. Lakini jina mgongoni lilikuwa lile lile, na Marlene alikuwa amesimama mbele yake akimsimulia habari za paka wake. Virgil hakusema kitu.

Alizihamisha picha kutwa nzima, akahesabu, zote zikawa zimefika. Ile ya zamani Marlene alisema ipewe maktaba ya mtaa, ambako wazee walikuwa wakifundishwa kuandika barua pepe. Virgil akaifuta kabisa kabla ya kuipeleka, kama alivyofanya siku zote, ili mambo ya mtu yasiishie mikononi mwa wengine.

"Na nakala ya pembeni je?" Marlene aliuliza. "Wewe ndiye hunihubiria nakala kila mwaka."

"Lete diski ya nje, nitakunakilia. Hakuna haraka, hii ni mpya."

Aliileta diski wiki moja kabla ya sikukuu ya Shukrani ya mwezi wa kumi na moja. Duka lilikuwa limejaa wateja. Virgil akaiweka kwenye droo, akamwambia alete na laptop sikukuu ikipita. Sikukuu ikapita, theluji ikaanguka, na droo ile haikufunguliwa.

Mwezi wa pili bawaba ya kushoto ilipasuka. Marlene akaandikia kampuni, wakamjibu kwamba dhamana haigusi matumizi mabaya.

"Matumizi mabaya," alimwambia Virgil kwenye simu. "Nimeifungua na kuifunga. Sasa laptop mtu aifanye nini, aitazame?"

Virgil alicheka, akamwambia ataipitia. Lakini hakuwa na amani. Theluji ilipoyeyuka, meza yake ilikuwa na Halvern tano za toleo hilo hilo, za watu watano ambao yeye mwenyewe aliwaambia wanunue. Zote, kile kidirisha cha chini ya kibodi cha kusogezea kishale kwa kidole kilikuwa kimeinuka kama andazi, kimesukumwa na betri iliyo chini yake. Ijumaa asubuhi akapiga simu kwenye kampuni, akangoja karibu saa nzima, akapokewa na msichana mwenye sauti ya uchovu.

"Dada, betri za Halvern zinavimba. Nina tano hapa."

"Pole sana, Bwana Novotny. Umejaribu kuizima na kuiwasha tena?"

"Betri imevimba, dada. Nikiizima haipungui unene."

"Nakuelewa. Ila kwenye mfumo wangu hakuna tatizo linalojulikana la aina hiyo."

"Sasa linajulikana. Nimekuambia mimi."

Msichana akaacha kubofya kibodi. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mzee wangu, wewe ni wa kumi na moja tangu asubuhi. Mimi sijakuambia hivyo, sawa?"

Virgil alikata simu hiyo na hapo hapo akampigia Marlene.

"Uko wapi?"

"Omaha, kwa dada yangu. Ananilisha vibaya. Vipi?"

"Laptop iko wapi?"

"Jikoni, kwenye chaja. Kidirisha chake kimeinuka kidogo, nikakiwekea kamusi juu. Kwa nini?"

Virgil alikaa kwenye kiti. Aliuliza nani ana ufunguo. Mwenye ufunguo alikuwa jirani, dereva wa lori, naye alikuwa safarini mpaka Jumamosi jioni. "Akifika, achomoe kwenye ukuta," Virgil alisema. "Asiibonyeze, asiifungue, inaweza kuwaka moto. Achomoe tu."

Jirani alichomoa Jumamosi jioni. Jumatatu Marlene akaja dukani na laptop imefungwa kwenye taulo. Ilikuwa haiwaki.

Virgil aliifungulia nje, kwenye ngazi ya nyuma, ndoo ya mchanga kando yake. Gundi ilimchukua asubuhi nzima. Betri ilikuwa imevimba hadi unene wa tofali dogo; juu ilizuiwa na kamusi, ikatafuta njia kwa pembeni na kuikunja bodi kuu kama kadi. Aliona ufa. Ulipita katikati ya ile chipu iliyoshika picha.

"Inatengenezeka?" Marlene aliuliza kutoka mlangoni.

"Kuna maabara Minneapolis wanaofanya kazi hizi. Nitawapelekea."

"Basi wapelekee. Mimi nakuamini wewe."

Wiki tatu baadaye jibu lilikuja, mistari miwili: chipu imevunjika, hakuna kilichookolewa. Virgil aliisoma akiwa amesimama. Hakumpigia simu Marlene. Alifunga duka, akaenda maktaba akaomba ile Halvern ya zamani. Walimpa bila neno. Wazee walikuwa wameitumia miezi sita mfululizo, wakijaza mazoezi yao na picha za wajukuu wao pale pale zilipokuwa picha za Marlene. Virgil aliichimbua diski yake kwa kila programu aliyoijua, siku nne, haonekani dukani wala kanisani. Alipata vipande mia moja na thelathini na saba. Nusu ya keki ya harusi. Ukingo wa paa. Miguu ya watoto watatu, juu yake ukanda wa kijivu. Hakuna hata jina moja lililookoka.

Siku ya tano akaenda kwa Marlene. Alimkuta na uso wa furaha, kolache, vile vikate vitamu vya jamu ya plamu, mezani, na barua mkononi.

"Kaa, nilitaka nikupigie. Kampuni wameandika. Wamekubali, Virgil. Soma."

Virgil aliisoma. Ilianza kwa kusema kwamba usalama wa mteja ni jambo lao la kwanza. Laptop zote za toleo lile zilikuwa zinarudishwa kiwandani kwa ajili ya betri. Mteja aache kuitumia mara moja, airudishe, atapewa nyingine ya toleo jipya. Mwishoni, kwa herufi ndogo, waliandika kwamba hawawajibiki kwa chochote kilichokuwa ndani.

"Wakinipa mpya, unazirudisha zile picha humo, au siyo?" alisema Marlene.

"Minneapolis wamejibu," Virgil alisema. "Hawakupata kitu."

Marlene aliichukua barua, akaiweka mezani. Akainuka kutafuta koti lake. "Basi twende maktaba. Ile ya zamani si iko pale? Si zilikuwa humo zote?"

"Nimeshakwenda."

"Na?"

"Niliifuta, Marlene. Siku ile ile nilipohamisha. Niliifuta kabla sijawapa."

Alisimama na mkono mmoja ndani ya koti. "Uliifuta."

"Nilihesabu kwanza. Zote zilikuwa zimefika kwenye mpya. Halafu ukaniletea diski, nikaiweka kwenye droo. Na nilipoishika ile mpya mara ya kwanza, nilijua si kitu. Mkono wangu ulijua. Nikanyamaza kwa sababu nilishakuambia ununue."

Marlene hakupiga kelele, naye ni mtu ambaye angempigia kelele hata askofu. Alivua ule mkono mmoja wa koti taratibu. Virgil akaweka mezani kijidiski chenye vile vipande, akaeleza ni nini. Marlene hakukigusa.

"Kaka yangu Eddie alikuwa humo," alisema. "Yuko juu ya baiskeli, meno ya mbele hana. Ilikuwa moja tu."

"Najua."

"Hujui. Nenda nyumbani, Virgil."

Kila mwezi wa sita watu wa mtaa ule uliobomolewa walikutana kwenye ukumbi wa parokia, wakala soseji na kabichi, na Marlene akawaonyesha picha ukutani. Mwaka huo walikuja karibu themanini. Virgil alikaa nyuma kabisa, karibu na mlango. Hakuna aliyemlaumu, maana Marlene hakuwa amemwambia mtu, na hilo lilimuuma kuliko lawama.

Marlene alisimama mbele, ukuta mweupe nyuma yake, akasema kwa maneno machache kwamba kompyuta iliharibika na picha zimepotea, zote. Mzee mmoja alivua kofia. Wengine walianza kusema pole, si kosa lako, na Marlene alitikisa kichwa tu.

Baadaye, watu wakikunja viti, mwanamke mmoja alimfuata. Alikuwa Roberta Zalesky, amekuja kwa gari kutoka Des Moines kwa sababu ya picha moja ya baba yake mbele ya duka lao la viatu. Baba alikufa Roberta akiwa na miaka miwili, na alikuwa hajawahi kuiona. Marlene alikuwa amemwandikia majira ya baridi kwamba anayo.

"Nisimulie tu," Roberta alisema. "Ilikuwaje?"

Marlene alimshika mikono. Akamweleza aproni ya ngozi, mikono ya shati iliyokunjwa mpaka kwenye viwiko, mbwa mweupe aliyelala mlangoni, kibao cha duka chenye herufi moja iliyofutika. Alieleza polepole, macho ameyafumba. Virgil, mwenye viti viwili mikononi, alisimama asiweze kupita.

"Alikuwa anatabasamu?" Roberta aliuliza.

Marlene alifumbua macho. Alifikiri kwa muda mrefu, midomo ikicheza, kama mtu anayetafuta jina la mtoto wake mwenyewe.

"Sikumbuki, mwanangu," alisema. "Nilikuwa nikitaka kujua, naenda kutazama."

Roberta alimkumbatia, akashukuru, akaenda kuwasha gari. Virgil aliviweka viti chini. Alitaka kumwendea Marlene, lakini Marlene alikuwa amegeukia ukuta na kuanza kukunja waya wa mashine ya kuonyeshea picha, iliyokuwa imeandaliwa kama kila mwaka, akiuzungusha kwenye kiwiko, mzunguko baada ya mzunguko. Virgil akachukua ncha ya pili ya waya pale sakafuni, akaishika, waya usijisokote. Marlene hakumwambia aondoke. Hakumwambia abaki.